Mlio wa Gari la Moshi na Mwendo wa Nuru

Baina ya Nakuru na Eldoret, katika nchi ya Kenya, uko mji mdogo uitwao Timboroa. Mji huo umekaa juu ya milima, karibu na mstari wa Ikweta. Lakini mgeni adhaniye kwamba Ikweta ni joto tupu, hujuta akifika huko alfajiri bila ya koti. Reli iliyotoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1931 ilifika Kampala. Karibu na Timboroa ndipo reli hiyo ifikapo kilele chake, futi 9,136 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 2,785 hivi. Katika zama za utawala wa Waingereza hapakuwa na reli nyingine katika dola yao iliyopanda juu kupita hapo.

Wengi wamelitaja jambo hilo kwa fahari, nao wana haki. Walakini insha hii haina nia ya kusifu urefu wa kilima. Nia yake ni kukuonyesha, msomaji, kwamba reli kama ile ya Timboroa humfundisha mwenye masikio jambo ambalo wataalamu wa falaki wamelitumia kupima mwendo wa nyota. Na kwamba sura moja ya historia ya elimu hiyo iliandikwa katika Kenya yenyewe, baharini karibu na Malindi.

Gari la moshi lijapo mbio likipiga honi, mlio wake husikika mwembamba. Linapokupita, papo hapo mlio huo hushuka ukawa mnene. Usidanganyike ukadhani kuwa jambo hili ni la ukubwa wa sauti. Sauti huwa kubwa gari likiwa karibu, na ndogo likiwa mbali. Hilo ni jambo jingine, wala hapana asiyelijua. Jambo tusemalo hapa ni wembamba na unene wa mlio. Tena usidhani kuwa dereva amebadili honi yake. Mwulize mwenyewe, naye atakuambia kuwa mlio aliousikia ulikuwa mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Dereva amesikia mlio mmoja, na wewe umesikia miwili, na hapana aliyesema uongo. Imekuwaje?

Tuache sauti kwa kitambo, tutazame miguu. Nyanda hizi za juu zina sifa ya kuzaa wanariadha; basi tuazime wachache. Chukulia kwamba mzee mmoja anaondoka Timboroa kwa miguu, naye huenda kilomita 5 kwa saa. Amefuatana na vijana hodari, na kila saa moja ikitimia humtuma kijana mmoja arudi mbio mjini na barua. Vijana hao hukimbia kilomita 20 kwa saa. Saa ya kwanza mzee yuko kilomita 5 kutoka mjini. Kijana atumwaye hapo hutumia dakika 15 njiani. Saa ya pili mzee yuko kilomita 10. Kijana wa pili hutumia dakika 30. Wa tatu hutumia dakika 45.

Sasa wewe uliyebaki Timboroa, hesabu. Barua ya kwanza imekufikia baada ya saa moja na dakika 15, ya pili baada ya saa mbili na dakika 30, ya tatu baada ya saa tatu na dakika 45. Mzee alituma barua kila baada ya dakika 60. Wewe umezipokea kila baada ya dakika 75. Mzee hakuchelewa, wala vijana hawakuzembea. Kilichotokea ni kwamba kila kijana alikuwa na njia ndefu kuliko mwenzake aliyemtangulia.

Mzee akigeuka kurudi, hesabu nayo hugeuka. Kila kijana sasa ana njia fupi kuliko aliyemtangulia, na barua hukufikia kila baada ya dakika 45. Angalia jambo la ajabu lililomo humo: kwa kutazama saa yako tu, bila ya kumwona mzee, waweza kujua kama anakwenda au anarudi, na kwa mwendo gani. Hata kama barua hizo hazina neno lililoandikwa ndani, kule kufika kwake peke yake kumekuwa habari. Shika mfano huu vizuri, msomaji, maana karibu yote yatakayofuata ni mfano huu huu uliovaa nguo nyingine.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Honi ipigayo mitetemo 400 katika sekunde moja ni kama mzee atumaye vijana 400 kila sekunde. Vijana hao husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 15 za sentigredi. Gari likija kwa mita 17 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 61 hivi kwa saa, mwendo wake ni sehemu moja ya ishirini ya mwendo wa sauti. Kila mtetemo hutolewa karibu nawe zaidi kuliko uliotangulia. Hivyo mitetemo hufika imesongamana, na sikio lako hupokea 421 hivi katika kila sekunde. Likiisha kukupita, mitetemo hufika imeachana, 381 hivi tu. Mitetemo mingi ni sauti nyembamba, na mitetemo michache ni sauti nene. Gari likipanda kilima polepole, tofauti hii hupungua. Likiteremka kwa kasi, huongezeka. Likisimama stesheni, hutoweka kabisa.

Waweza kuuliza kwa nini watu wa kale hawakuliandika jambo lililo wazi hivi. Sababu ni kwamba katika dunia ya kale palikuwa na vitu vichache sana vilivyokwenda kasi huku vikitoa mlio mmoja usiobadilika. Hata farasi apandwaye na mpiga tarumbeta hukimbia polepole mno, na kumtikisa mpigaji asiweze kushika sauti moja. Ilibidi kungoja karne ya 19 na reli zake. Hata hivyo, mtu aliyeitunga kanuni hii hakuipata kando ya reli. Yeye alikuwa akiwaza nyota.

Mtu huyo alikuwa Christian Doppler, aliyezaliwa mwaka 1803 katika mji wa Salzburg, mwana wa fundi wa mawe. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Prague. Tarehe 25 Mei 1842 aliwasomea wataalamu wenzake wa mji huo maandiko yake juu ya rangi za nyota zizungukanazo mbili mbili. Alisema kwamba ikiwa nuru husafiri kama mawimbi, basi mwendo wa kitu kitoacho nuru, au wa mtu aitazamaye, hauna budi kubadili idadi ya mawimbi yamfikiayo mtazamaji. Baharia yeyote wa Lamu au Unguja aweza kulishuhudia neno hili katika bahari: chombo kiyakabilicho mawimbi hupigwa mara nyingi zaidi kuliko kiyakimbiacho, ijapokuwa bahari ni ile ile.

Mpaka hapo Doppler alikuwa katika haki. Lakini alikwenda mbele zaidi. Alidhani kwamba nyota zote kwa asili ni nyeupe au za manjano hafifu, na kwamba zile zionekanazo nyekundu ni nyekundu kwa sababu zinatukimbia, na zile za buluu ni za buluu kwa sababu zinatujia. Hapo alikosea. Rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake, kama chuma kiwacho chekundu katika moto mdogo na cheupe katika moto mkali. Nyota haziendi kasi ya kutosha kugeuza rangi zao mbele ya macho yetu.

Mwaka 1845 Mholanzi mmoja kijana, jina lake Buys Ballot, aliazimia kuyapima maneno ya Doppler kwa sauti. Alipata ruhusa ya kutumia gari la moshi katika njia ya reli karibu na Utrecht. Juu ya gari aliweka wapiga tarumbeta, na kando ya njia aliweka wanamuziki wenye masikio hodari ya kutambua sauti. Jaribio la mwezi wa Februari liliharibiwa na hali ya hewa ya baridi kali. Alirudia mwezi wa Juni, na safari hii akafaulu. Tarumbeta zilizokuja zilisikika nyembamba kuliko zilivyopigwa, na zilizokwenda zilisikika nene. Buys Ballot akakata shauri lake kwa uadilifu: kanuni ya Doppler ni kweli kwa sauti, lakini maelezo yake ya rangi za nyota hayakubaliki.

Si wote waliokuwa waadilifu kama yeye. Mwaka 1852, huko Vienna, mtaalamu mashuhuri wa hesabu aitwaye Petzval aliishambulia kanuni yenyewe mbele ya wataalamu, akidai kwamba haiwezi kuwa kweli kwa kuwa ilikuwa nyepesi mno wala haikutolewa katika hesabu kubwa kubwa. Wakati huo majaribio ya reli yalikwisha fanywa na watu walikwisha sikia kwa masikio yao. Doppler alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikwenda Venice kutafuta hewa nzuri, na huko alikufa mwaka 1853, umri wake miaka 49, kabla ya mtu yeyote kuithibitisha kanuni yake katika nuru ya nyota.

Sasa tuigeukie nuru. Mfano wetu wa vijana hauwezi kufaa kwa nuru ila kwanza ijulikane kwamba nuru husafiri, na kwamba safari yake huchukua muda. Jambo hili lilibishaniwa kwa karne nyingi. Wako waliosema kuwa nuru hufika papo hapo, bila ya muda wowote kupita; Descartes wa Ufaransa, katika karne ya 17, alikuwa miongoni mwao. Ibn al-Haytham, mwenyeji wa Basra aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, alikuwa na rai nyingine: aliona kuwa nuru ina mwendo, ijapokuwa hisi zetu haziutambui. Galileo alishauri kwamba watu wawili wasimame juu ya vilima viwili usiku na taa zilizofunikwa, mmoja afunue yake, na mwenzake akiiona afunue ya pili. Kwa masafa yaliyopungua maili moja hakuona kukawia kokote. Haikuwa ajabu: katika sekunde moja nuru yaweza kuizunguka Ikweta mara saba na nusu hivi. Kilima hadi kilima ni karibu mno; ilihitajiwa barua itokayo mbali zaidi.

Barua hiyo ilipatikana katika sayari ya Mshtarii. Mshtarii ina miezi mingi, na mmoja wao, uitwao Io, huizunguka kila baada ya saa 42 na nusu hivi, na katika kila mzunguko huingia katika kivuli cha sayari hiyo ukapatwa, kisha ukatoka. Katika karne ya 17 mabaharia na wachora ramani walitaka kuitumia Io kama saa ya mbinguni, kwa hiyo huko Paris nyakati za kupatwa kwake ziliandikwa kwa uangalifu. Mdenmarki mmoja aliyefanya kazi huko, Ole Rømer, aliona kwamba saa hiyo haikuwa sawa. Dunia ilipokuwa ikiiendea Mshtarii, Io ilitangulia wakati wake. Dunia ilipokuwa ikiondoka, Io ilichelewa.

Mwaka 1676 Rømer aliwaambia wataalamu wa Paris mapema kwamba tarehe 9 Novemba Io itatoka kivulini ikiwa imechelewa dakika 10. Siku ilipofika, ikawa kama alivyosema. Alieleza kuwa Io haina kosa. Ni nuru yake iliyokuwa na safari ndefu zaidi ya kutufikia. Mkuu wake, Cassini, hakukubali, na wengine wengi walikaa miaka bila kusadiki.

Je, msomaji, hukumtambua mzee wetu na vijana wake? Kila kupatwa kwa Io ni barua. Hapa aliyeondoka si mtumaji bali ni mpokeaji, yaani sisi tulio juu ya dunia; lakini njia ya barua hurefuka vile vile. Dunia hulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Katika saa 42 na nusu yaweza kujitenga na Mshtarii kwa kilomita milioni 4 na nusu na zaidi, na nuru huhitaji sekunde 15 hivi kuzikata hizo. Saa za zama zile hazikuweza kuaminiwa kwa sekunde 15. Lakini Rømer hakutazama mzunguko mmoja. Alijumlisha mizunguko mingi, na sekunde zikawa dakika. Mitetemo ya honi hufika imeachana kwa sababu ile ile iliyochelewesha kupatwa kwa Io. Miaka 166 kabla ya Doppler, Rømer alikuwa ameshika ncha nyingine ya kamba ile ile.

Rømer alikadiria kuwa nuru hutumia dakika 22 kukata upana wote wa njia ya dunia kulizunguka jua. Leo tunajua kuwa ni dakika 16 na sekunde 38 hivi. Kosa hilo si dogo, lakini neno kuu lilikuwa limethibiti: nuru husafiri, na safari yake ina muda.

Mtu wa kwanza kuupima vema mwendo wa nuru hapa hapa duniani alikuwa Mfaransa Fizeau, mwaka 1849. Alitengeneza gurudumu lenye meno 720, akapeleka nuru ipite katika upenyo baina ya jino na jino, iende mpaka kwenye kioo kilichokuwa mbali mita 8,633, kisha irudi. Gurudumu lilipozunguka mara 12.6 kwa sekunde, nuru iliyopita katika upenyo ilirudi ikakuta jino limekwisha fika mahali pa upenyo, ikazuiliwa. Kwa hesabu ya gurudumu hilo nuru huenda kilomita 313,000 hivi kwa sekunde. Michelson wa Marekani alipima tena na tena, na mwaka 1926 alipata kilomita 299,796. Mwaka 1983 mataifa yalikubaliana kuwa mwendo wa nuru mahali pasipo na hewa ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Na tangu siku hiyo mita yenyewe hupimwa kwa nuru.

Fizeau huyo huyo, mwaka 1848, alikwisha onyesha namna ya kuitumia kanuni ya Doppler katika nyota bila ya kudanganyika kwa rangi. Pitisha nuru ya jua au ya nyota katika kioo cha pembe tatu, nayo hutandazika kama upinde wa mvua. Ndani ya upinde huo mna mistari myembamba myeusi, ambayo Fraunhofer wa Ujerumani aliichora kwa uangalifu mwaka 1814. Kila mstari una mahali pake. Nyota ikitujia, mistari husogea kidogo upande wa zambarau. Ikituondokea, husogea upande wa nyekundu.

Neno "kidogo" hapa lina uzito. Chukua tena gari letu la Timboroa. Mwendo wake ulikuwa sehemu moja ya ishirini ya mwendo wa sauti, na sikio likaitambua tofauti. Lakini ukilinganisha gari hilo hilo na nuru, mwendo wake ni sehemu moja katika milioni 17 na zaidi. Ndiyo maana hujapata kuona taa ya gari ikibadilika rangi usiku linapokupita, ingawa mlio wake umebadilika. Hata nyota iendayo kilomita 30 kwa sekunde husogeza mstari kwa sehemu moja tu katika elfu kumi.

Mwaka 1868 Mwingereza Huggins alijaribu kuupima msogeo huo katika nyota Sirius kwa macho yake, akasema inatuondokea kwa zaidi ya kilomita 40 kwa sekunde. Leo twajua kuwa Sirius inatujia, kwa kilomita 5 na nusu hivi kwa sekunde. Jicho lilikosa, lakini njia ilikuwa sahihi. Mwaka 1888, huko Potsdam, Vogel alianza kuichukua mistari hiyo kwa picha, na vipimo vikaanza kuaminika. Katika karne ya 20 njia hiyo iliwaonyesha akina Slipher na Hubble kwamba makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali yanatengana nasi, na kwamba ulimwengu wote unapanuka.

Yapasa niongeze neno moja ili mfano wetu usikupoteze. Sauti huhitaji hewa, na kwa sauti si mamoja kabisa kama ajongeaye ni mpiga honi au msikilizaji. Hesabu zao hutofautiana kidogo. Nuru haihitaji hewa wala kitu chochote cha kuibeba. Mwaka 1905 Einstein alifundisha kwamba mwendo wa nuru ni ule ule kwa kila aupimaye, awe amesimama au anakwenda mbio bila kuongeza wala kupunguza kasi. Kwa hiyo katika nuru linalohesabiwa ni mwendo wa mmoja kumwelekea mwenzake tu. Kwa miendo midogo ya magari na ya nyota nyingi, hesabu ya vijana wa barua yatosha.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliani, na chombo kilichobebwa kilikuwa cha Wamarekani. Lakini jina kilichopewa lilikuwa la Kiswahili: Uhuru. Mahali karibu na Ikweta palifaa, kwa kuwa huko dunia hujizungusha kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi hupata msaada wa mwendo huo bila ya gharama.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo katika nyota. Miali hiyo huzuiliwa na hewa ya dunia. Hata aliyepanda Timboroa angali chini ya blanketi nene la hewa. Ilipasa kutoka nje ya blanketi hilo. Uhuru ilizunguka karibu na mstari wa Ikweta kila baada ya saa moja na nusu hivi, mamia ya kilomita juu ya vichwa vya watu.

Katika upande wa kusini wa mbingu, penye kundi la nyota liitwalo Centaurus, palikuwa na chanzo cha eksirei kilichoitwa Cen X-3. Mwaka 1971 Uhuru ilionyesha kwamba chanzo hicho hupigapiga kama mshipa wa moyo, kila baada ya sekunde 4.8. Wataalamu wakiongozwa na Riccardo Giacconi walipoyahesabu mapigo hayo siku baada ya siku, walikuta kwamba hayafiki kwa nafasi sawa. Kwa muda yalisongamana, kisha yakaachana, kisha yakasongamana tena, tofauti yake ikiwa sehemu saba hivi za elfu za sekunde. Na mzunguko huo ulijirudia kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi. Tena, katika kila mzunguko, eksirei zilikatika kwa muda mrefu, kisha zikarudi.

Wewe msomaji sasa waweza kulifumbua fumbo hili. Mapigo yakisongamana, mpigaji anatujia, yakiachana, anatuondokea, yakikatika, amepita nyuma ya kitu. Basi kilikuwa kitu kidogo kinachoizunguka nyota kubwa, na nyota hiyo hukificha kila kizungukapo nyuma yake. Kutokana na mapigo peke yake ilijulikana kuwa kinakwenda kwa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde. Tena, kama Rømer alivyofanya, wakajumlisha: mapigo yalitangulia kwa sekunde 40 hivi upande mmoja wa duara, yakachelewa sekunde 40 hivi upande wa pili. Sekunde 40 za nuru ni kilomita milioni 12. Huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Kitu chenyewe ni nyota ya nutroni, masalio ya nyota iliyopasuka, kizito kuliko jua lakini kidogo kiasi cha kuenea mahali pa mji mmoja mkubwa.

Hapana darubini iliyopata kukiona kitu hicho kikisogea. Kiko mbali nasi kwa maelfu mengi ya miaka ya nuru. Zilizofika ni barua tupu zisizo na maandishi, na watu wakahesabu nafasi baina ya barua na barua.

Chombo cha Uhuru kilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa nishani ya Nobel kwa kazi yake ya kuianzisha elimu hii. Jina la Uhuru limo katika vitabu vya falaki vya mataifa yote, na hapana haja ya kulifasiri kwa mwanafunzi wa Kenya.

Kanuni hiyo imeingia pia katika maisha ya kila siku. Mganga aisikilizaye damu ikipita katika moyo wa mtoto kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika huitumia. Askari wa barabarani apimaye kasi ya matatu kwa chombo cha mawimbi ya redio huitumia. Wimbi huligonga gari, likarudi limesongamana, na dereva akatajiwa mwendo wake bila ya kuulizwa. Vyombo viongozavyo ndege na simu kwa setilaiti huitumia pia.

Basi, msomaji, katika historia hii yote hapana mtu aliyepata kila kitu sawa. Rømer alikosa katika dakika zake, Doppler katika rangi zake, Huggins katika nyota yake. Lau wenzao wangetupa kanuni pamoja na kosa, kama Petzval alivyotaka, tusingejua mwendo wa nyota hata moja. Lau wangemeza kosa pamoja na kanuni, tungali tunadhani kuwa kila nyota nyekundu inatukimbia. Buys Ballot alikuwa na umri wa miaka 27 tu alipoazima gari la moshi na kuitenga ngano na makapi. Nawe ukifundishwa jambo darasani, lishike kwa adabu, kisha ulipeleke kando ya reli ukalipime. Sikiliza, uhesabu, uandike nafasi baina ya pigo na pigo; na kama hesabu yako ikipingana na maneno ya mkubwa, irudie mara ya pili kwa uangalifu zaidi kabla ya kuifuta.